Mwenyeji wa Kombe achaguliwe kwa kura, si kwa makofi

Tarehe 11 Desemba 2024, mashirikisho 211 ya mpira wa miguu duniani yaliitwa kwenye mkutano wa FIFA uliofanyika kwa njia ya video. Kazi ilikuwa kuamua nani atapokea Kombe la Dunia la 2030 na lile la 2034. Hakukuwa na sanduku la kura, wala hakuna aliyehesabu chochote. Wajumbe waliombwa kupiga makofi mbele ya kamera zao, nao wakapiga. Kwa makofi hayo, Moroko, Hispania na Ureno zilipewa Kombe la 2030, pamoja na mechi tatu za kukumbuka miaka 100 ya Kombe zitakazochezwa Uruguay, Argentina na Paraguay. Saudi Arabia nayo ikapewa Kombe la 2034. Ilikuwa mgombea wa pekee.

Miongoni mwa hao 211 imo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Shirikisho la Kongo, FECOFA, lina kura moja kamili ndani ya FIFA, sawa na Brazil, sawa na Ujerumani, sawa na Ufaransa. Ni mahali pachache duniani ambapo sauti ya Kongo ina uzito ule ule na ya mataifa makubwa. Siku ile sauti hiyo ilimezwa na makofi, na mkaaji wa Bukavu, Bunia, Kalemie au Kinshasa alisikia habari ikiwa imekwisha. Tena, tangu 2023 FECOFA ilikuwa mikononi mwa kamati ya urekebishaji iliyowekwa na FIFA yenyewe. Maana yake ni kwamba aliyeomba makofi ndiye aliyemteua mpiga makofi.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya hayamhusu mtu aliyekimbia Masisi au Djugu akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mtu anayelala chini ya turubai, anayengojea unga na dawa, ana haja gani na Kombe la 2034? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Jibu la kwanza ni kwamba mpira ni moja ya vitu vichache ambavyo vita havikuweza kuwanyang'anya watu. Katika kila kambi ya wakimbizi wa ndani, mahali palipobaki tambarare hata kidogo, watoto wameshona mpira kwa mifuko na kamba. Timu ya Leopards ikicheza, aliye eneo hili na aliye ng'ambo ya mstari wa vita husikiliza redio kwa pumzi moja. Kitu kinachounganisha watu namna hiyo si cha wakubwa peke yao.

Jibu la pili ni kwamba uchaguzi wa mwenyeji hugusa maisha ya watu wa kawaida. Humo huamuliwa fedha za umma zitajenga nini, nani atahamishwa ili kiwanja kijengwe, kijana gani wa Kiafrika atabeba saruji kwenye joto, na nani atapewa viza ya kwenda kutazama. Watu wanaojua maana ya kuhamishwa bila kuulizwa ndio wenye haki ya kwanza ya kuuliza.

Kura za vyumbani

Kabla ya makofi, kulikuwa na kura ya siri ya watu wachache. Hiyo nayo ilikuwa na ubaya wake, na Afrika iliuonja mapema.

Julai 2000, Kamati Tendaji ya FIFA ilikaa Zürich kuchagua mwenyeji wa 2006. Watu wasiozidi 24 ndio waliokuwa na uamuzi. Afrika Kusini ilikuwa imebaki na Ujerumani. Mjumbe wa Oceania, Charles Dempsey wa New Zealand, alikuwa ameagizwa na shirikisho lake kuiunga mkono Afrika Kusini, lakini katika mzunguko wa mwisho hakupiga kura. Ujerumani ikashinda kwa 12 dhidi ya 11. Kama ingekuwa 12 kwa 12, rais Sepp Blatter ndiye angeamua. Bara zima lilipoteza Kombe kwa sababu mtu mmoja hakuinua mkono.

Miaka minne baadaye, tarehe 15 Mei 2004, Afrika Kusini ilipata Kombe la 2010 kwa kura 14 dhidi ya 10 za Moroko. Misri haikupata hata moja. Bara lilishangilia, na lilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini baadaye Chuck Blazer, Mmarekani aliyekuwa ndani ya Kamati Tendaji, alikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba yeye na wenzake walikubali kupokea rushwa kuhusu uchaguzi wa mwenyeji wa 1998 na wa 2010. Ikajulikana pia kwamba dola milioni 10 zilipitia FIFA hadi kwenye akaunti zilizokuwa chini ya Jack Warner, mkubwa wa mpira wa Karibiani. Afrika Kusini ilisema fedha hizo zilikuwa za kusaidia mpira wa watu wenye asili ya Afrika huko Karibiani, na kwamba si rushwa. Hata hivyo furaha ya 2010 ilibaki na doa, na wanaolibeba doa hilo ni wananchi ambao hawakuwa ndani ya chumba.

Kisha ikaja tarehe 2 Desemba 2010. Siku moja, chumba kimoja, Makombe mawili. Kati ya wajumbe 24, wawili walikuwa wamesimamishwa baada ya waandishi wa gazeti la Uingereza kuwanasa wakizungumzia fedha: Amos Adamu wa Nigeria na Reynald Temarii wa Tahiti. Waliobaki 22 wakaipa Urusi Kombe la 2018 na Qatar lile la 2022. Qatar iliishinda Marekani kwa 14 dhidi ya 8. Baada ya miaka michache, wengi kati ya wale 22 walikuwa wamechunguzwa, wamefungiwa au wameshtakiwa. Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2015, polisi wa Uswisi waliingia kwenye hoteli moja ya kifahari ya Zürich na kuwakamata wakubwa saba wa mpira. Siku chache baadaye Blatter alitangaza kwamba ataachia kiti. Mwaka 2020 waendesha mashtaka wa Marekani waliandika wazi kwamba baadhi ya wajumbe walihongwa ili wazipigie kura Urusi na Qatar. Nchi zote mbili zinakanusha.

Gharama ya kura ile haikulipwa Zürich. Ililipwa na wafanyakazi kutoka Nepal, India, Bangladesh, Kenya, Uganda na kwingineko, waliofika Qatar wakiwa na deni la wakala na kukuta pasipoti zao mikononi mwa tajiri. Utaratibu wa kafala ulimfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake: bila ruhusa yake hakuweza kubadilisha kazi. Baada ya miaka ya kelele, Qatar ilibadilisha sheria mwaka 2020, ikaondoa ruhusa hiyo na kuweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi. Hayo ni mafanikio, na yapasa kusemwa. Lakini yalikuja miaka kumi baada ya kura, viwanja vingi vikiwa vimekwisha kujengwa. Kama masharti hayo yangewekwa kabla ya kuchagua, wangapi wangerudi makwao wakiwa na mshahara wao wote?

Mlango ulifunguliwa, kisha ukafungwa

Baada ya aibu ya 2015, FIFA ilifanya jambo jema. Iliondoa uamuzi kwenye chumba cha watu wachache na kuupeleka kwenye mkutano mkuu, kila nchi kura moja, na orodha ya kura ikatangazwa. Tarehe 13 Juni 2018 mjini Moscow, Marekani, Kanada na Meksiko zilipata kura 134, Moroko 65. Kila mtu aliweza kusoma nchi gani ilipigia nani. Waafrika walisoma kwamba baadhi ya ndugu zao hawakuipigia Moroko. Wengine walikasirika, wengine wakaelewa sababu. Hivyo ndivyo kura inavyopaswa kuwa: anayeamua kwa jina la watu ajulikane na watu.

Miaka mitano tu baadaye mlango huo ulifungwa, tena kwa ustadi. Tarehe 4 Oktoba 2023, Baraza la FIFA lilitangaza kwamba Kombe la 2030 litagawanywa kwa nchi sita za mabara matatu: Afrika, Ulaya na Amerika ya Kusini. Wengi waliona ni ukarimu. Lakini kanuni inasema bara lililopokea Kombe lazima lingojee zamu. Kwa kuwa Amerika ya Kaskazini ina Kombe la 2026, na mabara matatu yamekwisha kupewa 2030, waliobaki kwa 2034 ni Asia na Oceania peke yao. Siku hiyo hiyo ilitangazwa kwamba anayetaka 2034 aseme kabla ya mwisho wa Oktoba. Majuma manne hayakutimia. Saudi Arabia ilijitokeza mara moja, na Shirikisho la Asia likaiunga mkono. Australia ilitafakari, na siku ya mwisho ikasema haitagombea. Akabaki mmoja.

FIFA ilituma wakaguzi wake, nao wakaipa Saudi Arabia alama 419.8 juu ya 500, na kusema hatari kuhusu haki za binadamu ni ya wastani. Wastani, katika nchi ambayo wafanyakazi wageni walikuwa bado wanategemea ruhusa ya mwajiri, ambayo familia nyingi za Kenya na Uganda zinaijua kwa habari za mabinti waliokwenda kufanya kazi za nyumbani. Norwe ilipeleka barua kusema haikubaliani na utaratibu wa makofi. Lakini penye makofi hakuna pa kuhesabu anayekataa.

Hapo ndipo kosa lilipo. Kura ya siri ya 2010 ilikuwa mbaya kwa sababu wachache walijificha. Makofi ya 2024 ni mabaya kwa sababu wote wamejificha. Nchi 211 zimeamua, na hakuna hata moja ambayo raia wake anaweza kuishika na kuiuliza: wewe ulisema nini?

Wanaolalamika nao wana mzigo wao

Msikilizaji wa Kongo ana sababu ya kuwashuku wanaolalamika zaidi. Tangu 1930 hadi 1998, kila Kombe la Dunia lilichezwa Ulaya au Amerika. Asia ilingoja hadi 2002, Afrika hadi 2010. Kwa miaka hiyo yote, watu wachache wa Ulaya walioandika kwamba utaratibu una ila. Uingereza ilipopata kura mbili tu mwaka 2010, ndipo kelele ilipokuwa kubwa. Ujerumani, iliyoshinda kwa kura moja mwaka 2000, nayo ilikuja kuchunguzwa kwa sababu ya euro milioni 6.7 ambazo njia yake haikueleweka. Akipenda, chongo huita kengeza.

Na Kombe la 2026 lenyewe? Juni 2025, Marekani iliwafungia mlango raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Haiti na Iran, ambazo timu zao zimefuzu. Wachezaji waliruhusiwa, mashabiki hapana. Burundi na Kongo-Brazzaville, majirani wa karibu kabisa, nazo ziliwekewa vizuizi. Nchi iliyoomba kupokea dunia imechagua sehemu ya dunia ya kupokea. Kama Qatar ndiyo ingefanya hivyo, magazeti ya Ulaya yangeandika nini?

Kwa hiyo hoja si kwamba Waarabu wasipewe, wala kwamba Waafrika hawawezi, wala kwamba Wazungu ni wasafi. Hoja ni kwamba namna ya kuchagua ikiwa mbovu, hata mwenyeji mwema atashukiwa, na mwenyeji mbaya hatapata wa kumkataza.

CAF nayo

Afrika haiwezi kunyoosha kidole kwa FIFA tu. Nyumbani kwake, katika CAF, uamuzi wa nani atapokea Kombe la Afrika uko mikononi mwa Kamati Tendaji, na historia ya karibuni haipendezi.

Septemba 2014 mjini Addis Ababa, CAF iligawa mashindano matatu siku moja: 2019 kwa Kameruni, 2021 kwa Côte d'Ivoire, 2023 kwa Guinea. Ikafuata miaka ya kuhamishahamisha. Novemba 2018 Kameruni ilinyang'anywa kwa sababu haikuwa tayari, na Misri ikapewa muda usiotimia miezi sita kujiandaa. Kameruni ikasogezwa hadi 2021, Côte d'Ivoire hadi 2023, Guinea hadi 2025. Mwishowe Guinea nayo ikanyang'anywa mwaka 2022. Tarehe 27 Septemba 2023, Moroko ilipewa 2025, baada ya Algeria kujitoa siku moja kabla. Tena mgombea mmoja, tena uamuzi bila mashindano ya kweli.

Ni Moroko hiyo hiyo ambayo mwaka 2014 ilikataa kupokea Kombe la 2015 kwa hofu ya Ebola. Guinea ya Ikweta ililichukua kwa muda wa wiki chache tu. Wakongomani wanaikumbuka vizuri: Leopards waliishinda Kongo-Brazzaville 4-2 kwenye robo fainali, kisha wakawashinda wenyeji kwa penalti na kushika nafasi ya tatu.

Lakini kumbukumbu iliyo chungu zaidi ni ya Januari 2010. Angola ilikuwa imepewa Kombe, na baadhi ya mechi ziliwekwa Cabinda, mkoa ambao ulijulikana kuwa na waasi wenye silaha. Tarehe 8 Januari, basi la timu ya Togo lilipigwa risasi likitokea Kongo-Brazzaville. Watu wa msafara wa Togo waliuawa. Togo ilirudi nyumbani kuomboleza. CAF ilifanya nini? Iliiadhibu Togo kwa kuondoka: ilifungiwa mashindano mawili. Adhabu hiyo iliondolewa baadaye, lakini iliandikwa, na waliokuwa mezani waliikubali.

Watu wa Ituri na Kivu hawahitaji kuelezwa ubaya wa jambo hilo. Wanajua maana ya kupigwa risasi, kukimbia, kisha kuambiwa kwamba kosa ni lako kwa sababu umekimbia. Aliyechagua mahali pa hatari hakuulizwa. Aliyekimbia ndiye aliyeadhibiwa.

Kongo isipige makofi tu

Kongo ni mabingwa wa Afrika mara mbili, 1968 na 1974, na walikuwa timu ya kwanza ya Afrika ya weusi kwenye Kombe la Dunia, mwaka 1974. Lakini haijawahi kupokea Kombe la Afrika. Sababu zinajulikana. Tangu 2019 mashindano yana timu 24 na yanataka viwanja sita vya kiwango. Kongo ina kiwanja cha Martyrs Kinshasa, ina kile cha TP Mazembe Lubumbashi, na baada ya hapo hesabu inakuwa ngumu. Kutoka Goma hadi Kinshasa hakuna barabara ya kupita.

Mwaka 2023 Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie, baada ya wenyeji wa Kanada waliochaguliwa kwanza kujitoa kwa sababu ya gharama. Kinshasa iliahirisha mara mbili, ikafanikiwa hatimaye, na vijana wa Kongo walifurahi. Gharama zake nazo zilizua maswali mengi. Lililo muhimu ni hili: upande wa Kanada uliangalia hesabu ukasema hapana. Je, mkaaji wa Kinshasa alipewa nafasi ya kuangalia hesabu hiyo kabla ya kusema ndiyo?

Mwanzoni mwa 2025, M23 walipoingia Goma, waziri wa mambo ya nje Thérèse Kayikwamba Wagner aliziandikia Arsenal, Paris Saint-Germain na Bayern Munich akiziomba ziachane na mikataba ya «Visit Rwanda». Aliuandikia pia uongozi wa Formula 1, ambako Kigali ilitaka kupokea mashindano ya magari. Rwanda inakanusha kuwaunga mkono M23. Hoja ya Kinshasa ilikuwa wazi: michezo isitumike kupaka rangi mahali penye damu. Wakimbizi wengi waliiona hoja hiyo kuwa ni yao.

Lakini hoja ikiwa ya kweli, ni ya kweli kila mahali. Mwaka huo huo Kongo nayo ilitia saini mikataba na AC Milan, Monaco na Barcelona ili jina lake lionekane. Wa Barcelona peke yake uliripotiwa kuwa wa zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka 4. Mama aliyekosa kibanda baada ya kambi kuvunjwa ana haki ya kuuliza fedha hizo zingenunua mahema mangapi. Na serikali inayosema kwamba michezo isifiche maumivu ya Wakongomani haiwezi kukaa kimya wakati shirikisho la nchi yake linapiga makofi bila kuuliza chochote kuhusu maumivu ya wengine.

Kombe linakuja jirani

Jambo hili liko karibu kuliko Riyadh. Kombe la Afrika la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Nchi zote tatu zinahifadhi wakimbizi wa Kongo: Kakuma nchini Kenya, Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda. Uganda ilichagua kujenga kiwanja kipya Hoima, mji ulio katika eneo lile lile la magharibi ambako maelfu ya watu wa Ituri walifika baada ya kuvuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na kupelekwa Kyangwali.

Fikiria kama Leopards watapangiwa kucheza huko. Mashabiki wao tayari wako karibu na kiwanja, miaka na miaka. Je, wataruhusiwa kuingia? Tanzania, mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Je, mkimbizi wa Nyarugusu atapewa kibali cha siku moja kwenda kuitazama timu ya nchi yake? Ni swali dogo, na halina gharama ya kiwanja. Lakini hakuna atakayelijibu kama halijaandikwa kwenye masharti ya mwenyeji. Bado kuna muda wa kuliuliza, na wa kuliuliza kwanza ni FECOFA.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakongomani wa Nakivale na Nyarugusu wamelishika jembe hilo zamani. Siku ya mpira wangestahili tiketi.

Kinachotakiwa

Mabadiliko yanayohitajika si magumu, wala hayahitaji fedha.

Kwanza, mwenyeji achaguliwe kwa kura inayohesabiwa, na jina la kila nchi litangazwe, kama ilivyokuwa Moscow 2018. Hata mgombea akiwa mmoja, nchi ziulizwe ndiyo au hapana, moja moja. Makofi yabaki kwa wafungaji wa mabao.

Pili, muda wa kuomba uwe wa kutosha. Majuma manne hayatoshi hata kwa kijiji kukubaliana mahali pa kuchimba kisima, sembuse nchi kuamua kujenga viwanja kumi na zaidi.

Tatu, masharti kuhusu wafanyakazi, watu watakaohamishwa, usalama na viza yawekwe kabla ya kura, na yawe na adhabu. Nchi isiyotaka mashabiki wa nchi nyingine ijulikane mapema, kabla haijapewa Kombe.

Nne, CAF ifuate njia hiyo hiyo. Uamuzi utoke kwenye kamati na kupelekwa mbele ya mashirikisho yote 54. Anayeweka mechi mahali pa hatari awajibike yeye, si timu iliyokimbia risasi.

Tano, na hili linawahusu Wakongomani moja kwa moja: kabla ya kila kura, FECOFA itangaze itapiga upande gani na kwa nini, na baada ya kura iseme ilivyofanya. Redio za hapa zina saa za michezo kila siku, na simu za wasikilizaji hazikosi. Kiongozi wa shirikisho aje akae mbele ya maikrofoni, aulizwe na mwanafunzi wa Uvira, na mwendesha pikipiki wa Beni, na mama wa kambini ambaye mwanawe ana mguu mzuri wa kushoto.

Kongo haina fedha za Saudi Arabia wala viwanja vya Moroko. Ina kura moja juu ya 211. Ni ndogo, lakini ni yake, na haikununuliwa na mtu. Itumike kwa sauti, ihesabiwe, iandikwe. Watu waliopoteza nyumba, mashamba na jamaa zao hawapaswi kupoteza hata hiyo, tena kwa kupigiwa makofi.